Sadi bin Ahedi na wenzake: Walioisimulia njia ya Kisumu kabla ya reli

Kila likizo inapokaribia, makala ya safari hufurika magazetini na mitandaoni, na Kisumu haikosi fungu lake. Utasoma habari za ngege na mbuta wanaokaangwa ufuoni, za jua linavyotua pale Dunga, za mawe ya Kit Mikayi kule Seme, na za feri inayovuka kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita. Mwandishi atakwambia pa kulala, pa kula na namna ya kupatana bei na mwenye mashua. Hayo ni mema. Wahenga walisema tembea uone, na mimi sina ugomvi na mtu anayetembea kisha akarudi kutusimulia.

Lipo hata hivyo jambo moja linalonikera. Waandishi hawa wakifika kwenye historia, wengi huanzia kwa Mzungu. Ati John Hanning Speke "aligundua" ziwa mwaka wa 1858, Joseph Thomson "akafungua" njia ya Umaasaini mwaka wa 1883, halafu reli ikaja na mji ukazaliwa. Ukisoma hivyo utadhani kabla ya hao hakuna mtu aliyetoka pwani akafika ziwani, wala aliyerudi akamweleza mwenzake njia ilivyo. Walikuwapo, tena wengi. Walipeana ushauri wa safari kwa Kiswahili, na ushauri huo ukachukuliwa, ukatafsiriwa, ukachapishwa London chini ya majina ya watu wengine. Nimezaliwa upande huu wa ziwa na nimefundisha Kiswahili chuoni kwa zaidi ya miaka 30, na bado nakutana na wanafunzi wa shahada ya pili wasiowahi kulisikia hata jina moja la watu hao. Basi leo tulitaje mojawapo.

Jina lenyewe ni Sadi bin Ahedi. Mwaka wa 1870, jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London lilichapisha makala marefu ya Thomas Wakefield, mmisionari Mmethodisti aliyekuwa Ribe, nje kidogo ya Mombasa. Makala hayo yanaeleza njia za misafara ya wenyeji kutoka pwani hadi bara ya Afrika Mashariki. Wakefield mwenyewe hakuwa amezipita njia hizo za ziwani. Kwa haki yake, hakuficha jambo hilo: katika kichwa cha makala alisema wazi kwamba habari nyingi alipewa na Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa sehemu iliyo karibu na Gazi, katika Udigo, yaani Kwale ya leo.

Hebu lifikirie jambo hilo, msomaji. Mtu wa Gazi anakaa na mmisionari, anamtajia njia kituo baada ya kituo. Kutoka hapa unalala pale. Pale pana maji, pale hapana. Watu wa pale ni akina fulani. Ukitoka hapo ni mwendo wa siku kadhaa. Mmisionari anaandika. Katika lugha ya leo tungesema Sadi ndiye mwandishi na Wakefield ni karani wake na mfasiri wake. Lakini ukitafuta maktabani, makala yako chini ya herufi W.

Kwa nini ushauri wa namna hiyo ulikuwa na thamani? Kwa sababu aliyeukosa alikufa njiani. Misafara iliyoelekea kaskazini-magharibi ilitoka Mombasa, Tanga au Pangani, ikapitia Taveta, ikakata nchi ya Wamaasai, ikaelekea Ngong, Naivasha na Baringo, kisha ikashuka kwenye nchi za ziwani. Katika nchi ya wafugaji hapakuwa na nafaka ya kununua. Msafara uliposhindwa kujiwekea akiba ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo ilikuwa lazima ujue kwamba Ngong, mpakani na nchi ya Wakikuyu, utapata chakula; kwamba ukivuka salama utanunua tena kwa Wachamus wa Baringo, ambao wasafiri waliwaita Njemps; na kwamba baada ya hapo chakula kingi kiko Kavirondo.

Si hayo tu. Bidhaa za kununulia chakula hicho zilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba na chuma, na kila taifa lilikuwa na shanga zake. Rangi iliyopendwa hapa ilitupwa kule. Mtu aliyetoka pwani na shanga zisizotakiwa alikuwa na mzigo mzito usiomletea hata kibaba kimoja. Hata namna ya kuzitunga ilikuwa na kanuni, na Thomson alipofika Taveta mwaka wa 1883 alilazimika kusimama ili watu wake wazitunge shanga jinsi Wamaasai walivyozitaka. Nani aliyeyajua hayo? Wasafiri wa pwani. Thomson mwenyewe alishika njia hiyo akiandamana na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, aliyekuwa ameizoea nchi hiyo. Miaka michache baadaye Count Teleki na mwenzake von Höhnel, walipokwenda kulitafuta ziwa tunaloliita Turkana, walimchukua Kimemeta huyohuyo. Sadi naye aliandamana na Charles New kwenda Uchagani mwaka wa 1871, safari ambayo New alifika kwenye theluji ya Kilimanjaro. Ukiviweka vitabu vya Wazungu hao pamoja utaona watu walewale wa pwani wakitokea katika kurasa zake, mara wakisifiwa, mara wakitukanwa, na kila mara wakitangulia mbele.

Nisieleweke vibaya. Siwapambi watu hawa maua. Misafara ilifuata pembe za ndovu, na katika njia nyingi za bara ilibeba watumwa pia. Wapo waliopigana na wenyeji na wapo waliowapora. Ukimsoma msafiri yeyote, awe wa Gazi au wa Scotland, jiulize alikwenda kutafuta nini. Lakini biashara mbaya haifuti maarifa ya njia, na haimpi mtu mwingine haki ya kuyaita maarifa hayo yake.

Sasa tuje kwenye jambo linalonivutia zaidi kama mwalimu wa lugha: jinsi ushauri mzuri unavyoweza kuharibiwa na msomaji wake. Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa Jakob Erhardt, mmisionari Mjerumani aliyekuwa Rabai na aliyeishi Tanga kwa miezi kadhaa mwaka wa 1854. Erhardt aliwahoji wafanyabiashara wa pwani. Kila aliyemuuliza, wa njia ya kusini, ya kati au ya kaskazini, alimwambia kwamba mwisho wa safari kuna maji makubwa. Walisema kweli. Wa kusini alikuwa amelifikia ziwa Nyasa, wa kati Tanganyika, wa kaskazini Nyanza. Erhardt akayaunganisha maji yote hayo yakawa ziwa moja kubwa mno, na ramani yake iliyochapishwa Ulaya mwaka wa 1855 na 1856 ikachora ziwa lenye umbo kama la konokono asiye na gamba. Ramani hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za Richard Burton na Speke kutumwa huku.

Mfano wa pili ni wa Burton mwenyewe. Burton hakuliona Nyanza. Speke alipokwenda kaskazini mwaka wa 1858, Burton alibaki Kaze, Tabora ya leo. Walipokosana, Burton alikataa kukubali kwamba mwenzake ameona ziwa moja kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliyachukua makala ya Wakefield, yaani maneno ya Sadi, akayatumia kama ushahidi. Alisema wasafiri wa upande mmoja wanataja Ukerewe, wa upande mwingine wanataja Ukara. Basi hayo si ziwa moja. Ilibidi Henry Morton Stanley alizunguke ziwa kwa mashua mwaka wa 1875 ndipo mabishano yakatulia.

Mnaona mambo? Mmoja alichukua maziwa matatu akayafanya moja. Mwingine alichukua ziwa moja akalivunja vipande. Na wote wawili walikuwa na habari sahihi mikononi mwao. Kosa halikuwa la aliyesimulia. Msafiri wa Pangani aliyefika ufuoni alisema alichokiona: maji, mbali na upeo wa macho, na jina alilopewa na watu wa pale. Hakudai kuwa amelizunguka ziwa. Kila taifa huliita ziwa kwa jina lake hata leo. Wajaluo wanasema Nam Lolwe, Waganda Nalubaale, na hilo neno Nyanza ambalo tumelifanya jina maalumu ni neno tu la maji makubwa katika lugha za Kibantu za eneo hili. Mtu akiyasikia majina matatu asidhani ni maziwa matatu. Aulize kwanza: wewe ulisimama wapi ulipoyaona maji hayo?

Ushauri wa misafara haukuishia katika majarida ya London. Uliingia ndani ya lugha yetu na bado tunatembea nao kila siku bila kujua. Chukua neno kiongozi. Leo ukilitamka watu watafikiria siasa, hasa mwaka wa uchaguzi. Katika msafara, kiongozi alikuwa mtu aliyetangulia mbele, aliyejua njia. Aliongoza kwa maana ya kuonyesha njia. Msafara ukipotea, yeye ndiye wa kuulizwa. Nadhani wanasiasa wetu wangefaa wakumbushwe asili hiyo.

Chukua kituo. Sasa tuna kituo cha polisi, kituo cha mabasi, kituo cha kupigia kura. Kitenzi chake ni kutua, na kilichotuliwa ni mzigo. Kituo kilikuwa mahali ambapo mpagazi angeweza kuushusha mzigo begani. Ndiyo maana njia za Sadi zinahesabiwa kwa vituo na si kwa maili. Mtu aliyebeba mzigo hahitaji kujua maili. Anataka kujua atautua wapi.

Chukua posho. Kwa wapagazi ilikuwa chakula cha siku, kibaba kwa kibaba, na pasipo posho hapakuwa na safari. Huku Kenya neno likaingia kwenye unga na kinu cha kusagia, ndiyo hiyo posho mill ya kila soko kutoka Kibuye hadi Kendu Bay. Nchini Uganda posho ni ugali wenyewe. Ofisini, posho ni pesa za mjumbe wa mkutano. Kisha chukua hongo. Hongo ilikuwa ada ambayo msafara ulimlipa mtawala wa nchi ili upite. Ilijulikana, ilijadiliwa hadharani, na kiongozi mzuri aliweza kukwambia mapema kila mtawala anataka nini. Leo hongo hutolewa kwa siri na kupokewa kwa siri. Neno ni lilelile, ila aibu imeongezeka.

Majina ya mahali nayo yana alama za wasafiri hao. Ramani za karne ya 19 zinaonyesha kituo mashuhuri kiitwacho Kwa Sundu, baadaye Kwa Mumia. Ni mji wa Mumias, makao ya Nabongo wa Wanga; Sundu ni Nabongo Shiundu na Mumia ni mwanawe. Kiambishi hicho cha "kwa" ni Kiswahili cha barabarani: tunakwenda kwa fulani, mwenye nchi ni fulani, mjulie hali kwanza. Askofu James Hannington alipita hapo mwaka wa 1885 akielekea Buganda kwa njia ya mashariki, njia ambayo watawala wa Buganda waliihofia kwamba ndiyo adui atakayopitia. Aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Kujua njia inapita wapi ni nusu ya ushauri. Nusu ya pili ni kujua wenye nchi wanamwonaje anayeipita.

Na hilo jina Kavirondo je? Ni jina walilolitumia wasafiri kwa watu wa ufuo huu wa ziwa, Wajaluo na Waluhya kwa pamoja, ambao wao wenyewe hawakujiita hivyo. Serikali ya kikoloni ikalichukua, ikawa na wilaya za Kavirondo ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini, na Ghuba ya Kavirondo kwenye ramani. Hata waliopinga ukoloni walilitumia: chama cha vijana kilichoanzishwa mwaka wa 1921 kiliitwa Young Kavirondo Association. Leo ghuba ni Winam na jina la kale limebaki vitabuni. Neno moja la msafiri lilikaa juu ya watu hawa kwa vizazi kadhaa. Anayeandika safari ajue kwamba jina analolitumia kwa urahisi wake laweza kuwa mzigo wa mwenzake.

Kisumu lenyewe ni jina la wenyeji, na nalo lina habari ya safari ndani yake. Wazee wa Kijaluo hulihusisha na kisuma, mahali watu walipokwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana vitu wakati wa upungufu. Kabla ya kuwa bandari, kabla ya kuwa jiji, palikuwa mahali pa kuambiwa: ukikosa, nenda pale. Linapatana kabisa na sifa iliyovuma hadi pwani, kwamba ukilifikia ziwa utakula.

Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika ziwani, na mahali hapo pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Thomson alikuwa ameondoka Mombasa mwezi wa Machi 1883 akalifikia ziwa Desemba. Sasa njia ile, zaidi ya kilomita 900, ikawa jambo la siku chache. Kiongozi, mpagazi na hongo vikapoteza kazi zao kwa mpigo mmoja. Na aina ya mwandishi wa safari ikabadilika.

Nitataja wawili waliopita Kisumu wakati huo. Wa kwanza ni Ham Mukasa. Mwezi wa Mei 1902, Mukasa na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, walivuka ziwa hadi Kisumu, wakapanda treni mpaka Mombasa, wakaenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Walipofika Kisumu, sehemu hii ilikuwa na mwezi mmoja tu tangu ihamishwe kutoka Uganda na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, Aprili 1902. Mfalme aliugua, sherehe ikaahirishwa kutoka Juni hadi Agosti, nao wakabaki wakitazama nchi. Mukasa aliandika aliyoyaona, na mmisionari Ernest Millar, aliyekuwa mkalimani wao, akayatafsiri kwa Kiingereza; kitabu kikatoka London mwaka wa 1904. Mukasa anawaandikia watu wa kwao. Anapokuta kitu kigeni hutafuta cha nyumbani cha kukifananisha nacho, ili msomaji wa Mengo aelewe. Hiyo ni adabu ya mwandishi kwa msomaji wake.

Wa pili ni Winston Churchill. Mwaka wa 1907 alikuja kwa treni hadi Kisumu, akapanda meli ya Clement Hill kwenda Entebbe, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari yake. Ni mwandishi hodari, hilo silikatai. Lakini watu wa ufuo wetu alipita nao kama mtu anayetazama dirishani, na kilichomshughulisha zaidi kwao ni kwamba hawakuvaa nguo. Hakukaa akaambiwa lolote. Msafiri wa miguu alilazimika kuzungumza na mwenyeji, la sivyo asingepata maji. Msafiri wa treni hakulazimika.

Wako pia Waswahili walioandika safari zao kwa majina yao wenyewe. Mwaka wa 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Ndani yake yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo akieleza safari ya Udoe na Uzigua. Yumo Sleman bin Mwenyi Chande na safari ya bara. Na yumo Salim bin Abakari, mtu mwenye asili ya Komoro, aliyefika Urusi na Siberia mwaka wa 1896 na kutuandikia kwa Kiswahili habari za nchi ile. Velten ndiye aliyewataka waandike na ndiye aliyehariri, lakini majina yao yamo. Kizazi kimoja tu kabla yao, Sadi alikuwa habari ya kichwani mwa makala ya mtu. Wao wamekuwa waandishi.

Sasa turudi kwetu. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika safari ya kutoka kwao hadi chuoni. Lahaula! Karibu wote waliamka majogoo yakiwika. Jua lilichomoza kwa mbwembwe, magari yaling'oa nanga, upepo ulivuma kwa madaha. Nilisoma kurasa nyingi na sikuona mahali mtu aliponiambia nauli, wala gari linapopatikana, wala ashuke wapi anayekwenda Bondo. Si kosa lao peke yao. Tumewafundisha kutoka shule ya msingi kwamba insha ya safari ni shindano la tamathali.

Mmoja tu alikuwa tofauti, binti wa visiwani. Alieleza kwamba asafirie mashua asubuhi, kwa sababu alasiri upepo huinua mawimbi. Kwamba kwetu sisi wageni tukae katikati na tusivae buti nzito. Kwamba magugumaji yakifunga gati, mashua hutia nanga mahali pengine na wenyeji wanapajua. Kisha akaandika: haya nimeambiwa na babu yangu, mvuvi. Kiswahili chake kilikuwa na makosa ya upatanisho hapa na pale, nikayasahihisha. Lakini alama za juu nilimpa yeye, na baadhi ya wenzake hawakufurahi.

Kwa wanaotaka kuandika safari zao, basi, nina mapendekezo matatu, yote yanatoka kwa watu wa misafara.

Kwanza, sema ulisimama wapi na lini. Aliyekaa Dunga siku mbili ameiona Dunga ya siku mbili. Hajaiona Nyanza. Akisema hivyo hataaibika, na atamwepusha msomaji na makosa ya Erhardt na Burton.

Pili, mtaje aliyekwambia. Dereva wa bodaboda aliyekuonyesha njia, mama wa Kibuye aliyekueleza tofauti ya omena wa kukaushwa vizuri na wa mchanga, mzee wa Kit Mikayi aliyekusimulia habari za mawe. Ikiwa hataki jina lake litokee, sema angalau ni mtu wa kazi gani na wa wapi. Usiyachukue maneno yake ukayafanya uvumbuzi wako.

Tatu, mwandikie anayekuja nyuma. Ushauri wa safari ni deni kwa mtu ambaye bado hajaondoka. Ajue maji yako wapi, nauli ni kiasi gani, feri huondoka saa ngapi, na wenyeji hawapendi nini. Tamathali zije baadaye kama kuna nafasi.

Na niongeze moja kwa wakuza mitaala na walimu wenzangu. Historia ya safari za Kenya hufundishwa kwa orodha ya majina: Krapf, Rebmann, Speke, Thomson, Teleki. Orodha hiyo siyo ya uongo, ila ina mapengo makubwa, na kuyajaza hakuhitaji fedha za utafiti. Makala ya 1870 yapo, na jina la Sadi bin Ahedi limechapishwa katika kichwa chake tangu siku hiyo. Jumbe Kimemeta yumo katika kurasa za Thomson na za von Höhnel. Tunachohitaji ni mwalimu mmoja mmoja kuyaandika majina hayo ubaoni, kando ya hayo mengine, na kumwambia mtoto wa Gazi na mtoto wa Kisumu kwamba njia kati ya kwao na kwao ilijulikana, ilihesabiwa na kusimuliwa kwa Kiswahili, miaka zaidi ya 30 kabla reli haijafika ziwani.